Mwoga Aliyetupeleka Milimani

Nimechoka na maoni yenu. Kila nikiandika kuhusu ile milima ya nyuma ya mji wetu wa Las Cruces, huku mpakani, anatokea mtu, kwenye picha yake amesimama kileleni na fimbo mbili mkononi kama panzi, ananiuliza: hivi watu wenu wa mtaa wa Las Higueras mbona hatuwaoni huku juu, hawapendi maumbile au? Eti hawapendi. Halafu anamalizia na kikatuni cha kucheka. Haya, kaa hapo. Leo sibishani na wewe. Nakusimulia habari za mtu mmoja, ukimaliza ndio uniambie nani hapendi nini.

Anaitwa Ofelia Terrazas. Ni mpishi wa shule ya msingi, kwa hiyo kama umekulia mtaani kwetu umeshakula maharage yake. Ni mfupi, sauti yake ndogo, na ni mwoga. Simtukani, mwenyewe ndivyo anavyojitambulisha. Anaogopa mbwa. Anaogopa ngazi. Anaiogopa barabara kuu mpaka akienda mjini anazunguka kwenye njia za mashamba ya pilipili. Akipigiwa simu na namba asiyoijua, anaifunika simu na mto mpaka inyamaze. Mume wake, Lalo, anasema Ofelia alikubali kuolewa kwa sababu aliogopa kusema hapana. Ofelia anasema hapana, niliogopa angelia mbele za watu.

Sasa huyu mwoga ndiye aliyefanya mlima wetu usigeuzwe kokoto.

Baba yake alivuna vitunguu mpaka mgongo ukapinda, na milima ilikuwa mbele yake kila siku, imesimama hapo kama ukuta. Ofelia alipokuwa mdogo alimuuliza huko juu kuna nini. Mzee akajibu bila kuinuka: "Kuna wenyewe." Basi mtoto akakua akijua mlima una mwenyewe, na mwenyewe ana mbwa. Alishakuwa na watoto wake tayari siku mwalimu mmoja, anakula pale jikoni, alipomwambia kwamba ile ni ardhi ya umma. Ofelia akauliza umma ndio nani. Mwalimu akamwambia, si wewe hapo. Ofelia akadhani anataniwa, akaendelea kukoroga sufuria.

Miaka kidogo baadaye kikaitwa kikao cha wananchi, kuna watu wanataka kuchimba kokoto upande wa korongo la Cenizo. Ofelia akaenda. Alipopewa kipaza sauti alitetemeka mpaka kile chuma kikawa kinagonga meza, tok tok tok, na ukumbi mzima unasikia. Akasema: "Mimi nimezaliwa hapa. Maisha yangu yote nauangalia huu mlima kutoka kwenye vitunguu. Sijaukanyaga hata siku moja. Naomba msiuchimbe kabla sijaukanyaga." Akakaa. Kisha akatoka nje akatapika kwenye maua ya watu.

Kuanzia hapo ndio akawa hivyo alivyo. Akawa anagonga milango, anaomba sahihi, anakwenda vikao mpaka waliokuwa wanaendesha vikao wakachoka wao. Kokoto wakaenda kutafuta kwingine. Na kwa sababu aliahidi ataukanyaga, akaukanyaga, halafu akaanza kutupeleka na sisi, Jumapili moja moja baada ya misa, pikapu zimejaa watoto na mabakuli.

Hapo ndipo wewe wa fimbo mbili huelewi. Wengi kati ya watu wetu hawana karatasi za kuishi nchini. Wamekaa hapa miaka, wamezaa hapa, wamezika hapa, ila karatasi hawana. Kwa hiyo mtu hajiulizi kama mlima ni mzuri. Anajiuliza nani anasimama njiani. Ofelia aliiendesha ile njia peke yake tena na tena, katikati ya wiki, ameukamata usukani kama anazama, mpaka akahakikisha haipiti kwenye kizuizi chochote cha doria ya mpaka. Ndipo akawaambia watu: "Huko hakuna sare. Nimekagua mwenyewe."

Na jioni za Jumatano, huyo huyo Ofelia alikuwa anafundisha pale ukumbi wa parokia nini cha kufanya watu wa doria wakija mlangoni. Usifungue mlango. Usiseme kitu. Sauti yake ile ndogo, watu wanainama kumsikia.

Twende kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Agosti, mipungate imezaa, matunda mekundu kama vidonda. Kwenye pikapu yangu alikaa Ofelia mbele, na nyuma yetu Doña Tencha Luévano na binti yake Yadira. Doña Tencha ni bibi wa Zacatecas, goti bovu, mdomo mzima. Tangu avuke mpaka hajawahi kwenda mahali zaidi ya kanisa, soko na kwa Yadira. Ofelia alimbembeleza karibu mwaka.

"Ofelia," Doña Tencha alisema tulipoacha lami, "mbona umeng'ang'ania mlango? Unashuka?"

"Naogopa kona, Doña Tencha."

"Na ndiye kiongozi wa msafara. Yadira, mwanangu, kama tukifa mwambie padri sikutaka kuja."

"Si nitakuwa nimekufa na mimi, mama."

"Wewe utapona. Umenenepa, utadunda."

Tulifika, tukatandika mablanketi chini ya mwaloni, watoto wakamwagika mchangani. Doña Tencha alivua viatu. Alisimama pale na miguu yake ile yenye mishipa, akavuta hewa, hakusema neno, na kwake yeye kutosema neno ni jambo kubwa. Halafu akaomba ndoo na koleo la kuchumia mapungate. "Msimalize tikiti," akasema. "Nawajua." Akapanda kuelekea korongoni, taratibu, anajisemesha.

Tulikuwa tunakula. Gari jeupe lenye mstari wa kijani likatokea kwenye barabara ya vumbi kule chini.

Nakwambia, watoto walinyamaza wenyewe. Hakuna mkubwa aliyewaambia shh. Mtoto mmoja alikuwa na tikiti mdomoni, akaacha kutafuna. Gari likaja polepole, likapita, likaenda zake. Lilikuwa la wahifadhi tu, wale wa kuhesabu ndege na kuokota takataka. Lakini magari ya doria nayo ni hivyo hivyo, na ukiwa mbali, jeupe na kijani ni jeupe na kijani. Watu wakaanza kupumua, mmoja akatoa utani, wote wakacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Ilichukua muda kabla Yadira hajauliza, "Mama yuko wapi?"

Tuliikuta ndoo. Imelala ubavu karibu na mdomo wa korongo, matunda yametapakaa, koleo liko pale. Yeye hayupo. Tukaita. Wanaume wakapanda kulia, wanawake kushoto, mimi nikaingia kati nikiita mpaka koo likakwaruza. Hakuna aliyeitika. Jua likaanza kuinama, na nyuma ya vilele likasimama wingu jeusi, zito, limekaa kama mtu anayesubiri zamu yake.

Ukiishi huku unajua wingu lile maana yake nini. Mvua inanyesha juu, wewe chini umekauka, unashangaa ngurumo. Halafu korongo linaleta maji yote kwa mara moja, na mawe, na miti. Halikupi taarifa.

Kuna kijilima kimoja pale ambako simu inashika. Ofelia alikipanda akasimama na simu mkononi. Yadira akamfuata.

"Usipige."

"Yadira, ona wingu."

"Nimeliona. Usipige. Tutamtafuta wenyewe."

"Tumeshamtafuta."

"Tutafute tena basi." Yadira alimshika mkono wenye simu. "Wewe ukipotea, Ofelia, wanakurudisha kwako. Mama yangu watamrudisha wapi? Hebu niambie. Ana mtu gani kule aliyebaki hai?"

Ofelia akalitazama tena lile wingu.

"Ulituambia hakuna sare huku. Ulisema umekagua. Sasa wewe ndiye unaziita."

Nilikuwa nimesimama chini yao. Nimemwona Ofelia akiogopa mara nyingi, tumeshazoea, tunamcheka. Siku ile haikuchekesha. Akashuka kile kijilima akawaendea wengine, akawaambia: "Napiga simu kuomba waokoaji. Sijui watakuja na nani. Anayetaka kuondoka aondoke sasa hivi, na sitamlaumu mtu."

Hakuna aliyembishia. Mablanketi yalikunjwa na chakula ndani yake. Pikapu zikaondoka moja baada ya nyingine, hakuna honi, hakuna kwaheri, watoto wanatuangalia kupitia kioo cha nyuma. Hawa ndio waliokuwa na macho ya kutafuta na miguu ya kupanda. Usiwaite waoga. Baba mmoja kati yao alikuwa analia anapowasha gari. Tukabaki Ofelia, Yadira na mimi. Wenye karatasi tulikuwa wawili.

Akapiga. Ilibidi aibonyeze namba upya kwa sababu kidole kilikuwa kinakosea. Yadira aliingia kwenye pikapu yangu akalala sakafuni, akajifunika blanketi.

Waokoaji walikuja haraka, lazima niseme. Watu wa kujitolea, wana kamba na helmeti, na mkubwa wao aliitwa Ledesma, jamaa wa makamo, kitambi kidogo, shati la kijani lenye nembo begani. Kijani tena. Alimsalimia Ofelia kwa Kihispania cha huku huku, kile cha kukata maneno. Nyuma yake ikaja helikopta, ikaanza kuzunguka juu ya korongo, na mchanga ukaturukia machoni.

"Ana ndugu hapa?" Ledesma aliuliza. "Mtu akisikia sauti ya ndugu anatoka. Gari letu lina kipaza sauti."

Ofelia akanitazama. Blanketi kwenye pikapu likasogea, na Yadira akashuka mwenyewe. Akapita mbele ya mashati yale yote ya kijani, hakumtazama mtu, akachukua kile kipaza sauti.

"Mama. Mama, ni mimi. Toka, mama, hawa ni watu wazuri." Alikuwa analia. Sauti ikagonga ukuta wa mlima ikaturudia, imekuwa kubwa, imekuwa ya kutisha. "Mama, nakuomba, toka."

Tukasubiri. Hakuna kitu. Ngurumo tu.

Ofelia akakaa chini, palepale kwenye vumbi, akaziba mdomo na kiganja.

"Ameumia," Ledesma akasema taratibu. "Hatusikii, labda amezimia."

"Anatusikia," Ofelia akasema.

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha." Aliinua uso. "Kila Jumatano. Wakiita jina lako, usiitike. Wakikuita kwa Kihispania kizuri, usiitike. Wakisema wana habari za mwanao, usiitike. Ukimsikia mwanao mwenyewe analia nje, jiulize kwanza ameshikwa na nani. Doña Tencha anakaa mstari wa mbele. Anayarudia kama rozari."

Yadira aliangusha kile kipaza sauti.

Elewa maana yake. Yule bibi aliona gari jeupe akiwa juu, akaacha ndoo, akajificha. Tulipoita akadhani tunaita kwa sababu tumeshikwa. Ikaja helikopta. Na sasa anamsikia binti yake analia kwenye chombo anachodhani ni cha polisi, anamwambia toka. Kila tulichofanya kumwokoa kilikuwa kinamsukuma ndani zaidi. Na kule kuna mahali pamoja tu ambapo mtu wa juu hawezi kukuona. Chini ya kingo za korongo lenyewe, pale maji yalipochimba.

Sote tukaangalia wingu.

Redio ya Ledesma ikakoroma. Helikopta inaondoka, radi zimekaribia mno. Ikageuka ikaenda, na kimya kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko kelele.

"Mimi naingia," Ofelia akasema.

"Mama, huingii," Ledesma akasema.

"Hatatoka kwa mwingine."

Ledesma alimtazama huyu mpishi anayetetemeka mpaka meno yanagongana. Sijui aliona nini. Akasema, "Naingia na wewe. Nikisema panda, unapanda ukutani, hubishani."

"Sawa. Vua shati."

"Nini?"

"Hilo shati la kijani. Vua."

Akavua. Ndani alikuwa na fulana ya timu ya mpira ya Juárez, imetoboka kwapani. Mmoja wa vijana wake akataka kucheka akajizuia. Ledesma akaniambia mimi nikae pembeni juu ya ukingo na kamba, niwe macho yao. Kwa hiyo haya yaliyofuata sikuhadithiwa. Niliyaona nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mwamba.

Waliingia. Ofelia anaogopa nyoka, na kule kuna wale wenye njuga. Anaogopa ngurumo, na ngurumo ilikuwa inatikisa jiwe chini ya tumbo langu. Alikuwa anatembea ameshika ukuta, anaita kwa upole. "Doña Tencha. Ni Ofelia. Niko hapa." Hakuna. Akaenda tena kidogo. Hakuna. Nikatazama juu ya korongo, mchanga ulikuwa bado mkavu, lakini upepo ulileta harufu ya udongo ulionyeshewa mahali fulani.

Akasimama. Akafikiri. Halafu akabadilisha sauti.

Hapa lazima nikueleze jambo la tamales, ule unga wa mahindi unaofungwa kwenye maganda ukapikwa kwa mvuke. Krismasi iliyopita pale parokia, Doña Cuca, jirani yake Doña Tencha, alisema mbele za watu kwamba unga wa tamales za Doña Tencha si wa kukanda nyumbani, ni wa kununua dukani, kwenye mfuko. Ni tusi ambalo sitaki kulilinganisha na kitu. Tangu siku ile wawili hawa hawasalimiani, na mtaani kwetu hakuna anayelitaja jambo hilo kama anataka amani. Askari yeyote anaweza kulijua jina lako. Hakuna askari anayejua hili.

"Basi usitoke," Ofelia akasema kwa sauti, na sauti yenyewe sikuijua. "Kaa humo humo. Mimi nimekuja kukwambia tu kwamba nimezionja tena zile tamales zako, na Doña Cuca alisema kweli."

Akasogea hatua moja.

"Unga wa mfuko. Hata mafuta hukuyapiga vizuri. Zilikuwa zinashika kwenye meno kama gundi. Nilimpa mbwa wa Lalo akanitazama."

Ledesma alimgeukia mdomo wazi.

"Mtaa mzima tunakusitiri tu, Doña Tencha. Kwa sababu ya umri."

Na kutoka chini ya ukingo, mbele yao kidogo, pale ambapo nilikuwa nimeangalia nikaona kivuli tu, ikatoka sauti imekauka, inakoroma kwa hasira:

"Mwambie Cuca aje aniambie yeye mwenyewe, mwongo yule, mkono mzito, mchuzi wake wa mole una ladha ya sabuni."

Ofelia akapiga magoti mchangani. Hakumkimbilia. Hilo ndilo lililonifanya nimheshimu. Alijua akikimbia bibi atarudi ndani.

"Uko na nani?" sauti ikauliza.

"Niko na mtu wa waokoaji."

"Ana sare?"

"Ameivua."

"Mwambie avae, atapata mafua. Yadira wamemshika?"

"Hapana. Yuko kwenye magari, analia. Alijitoa mwenyewe kukuita."

"Mjinga. Nimemlea vibaya." Halafu sauti ikashuka. "Nikitoka wataniuliza karatasi?"

Ledesma akakohoa. "Mama, mimi sikuulizi. Kazi yangu si hiyo."

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza Ofelia."

Nilimwona Ofelia akifungua mdomo kusema hapana. Angeweza. Wewe na mimi tungesema. Hapana, mama, toka, hakuna shida, halafu mengine baadaye. Na kule juu nilikuwa nimeanza kusikia kitu, kama lori linamwaga kokoto mbali.

"Sijui," Ofelia akasema. "Nilikwambia huku hakuna sare, na nimezileta mwenyewe. Kuna zinazokuja nisizozijua. Siwezi kukuahidi kitu, Doña Tencha. Ninachojua ni maji. Maji yanakuja hapo ulipokaa."

"Panda," Ledesma akasema.

"Doña Tencha."

"Panda sasa hivi."

Ofelia hakupanda. Alibaki amepiga magoti, mkono ameunyoosha, analia wazi wazi kama mtoto. Na bibi akatoka. Alitambaa, goti lile bovu linaburuzika, miguu mitupu, nywele zimejaa mchanga. Ledesma alimkamata kiunoni akamtupia begani kama gunia la vitunguu. Nikavuta kamba, vijana wake wakanisaidia, akaja bibi, akaja Ofelia anakwaruza ukuta na kucha, akaja Ledesma. Maji yakapita. Sikwambii yalikuwa makubwa kiasi gani. Nakwambia ule ukingo aliokuwa chini yake ulikuwepo, halafu haukuwepo.

Doña Tencha aliangalia. Akasema, "Koleo langu." Koleo lilikuwa salama, tulishaliweka kwenye pikapu. Alikuwa anatafuta kitu cha kusema tu.

Tungeishia hapo ningekuwa mtu wa furaha. Tuliposhuka tukakuta gari lingine limefika. Jeupe, mstari wa kijani, na safari hii siyo la wahifadhi. Wawili wa doria ya mpaka, vijana, wameegemea mlango. Mpaka leo sijui nani aliwaita au kama kuna aliyewaita. Yadira alikuwa amesimama katikati ya magari, hana pa kwenda, amekumbatia blanketi.

Ledesma alishavaa shati. Alimbeba Doña Tencha mikononi, hakupunguza mwendo.

"Vipi hapo?" mmoja akauliza.

"Bibi alipotea. Goti. Namkimbiza hospitali."

"Ni wa wapi?"

Ofelia akapita mbele. Nguo imelowa, magoti yanavuja damu. Alisimama kati ya yule kijana na Doña Tencha, na kijana alimzidi kichwa na mabega. "Wa Las Higueras," akasema. "Ni jirani yangu. Mimi ndiye niliyepiga simu. Ukitaka kuuliza, niulize mimi, jina langu Terrazas." Sauti ilikuwa inakatika kila neno. Hakuondoka.

Kijana akamtazama yeye. Akaitazama miguu mitupu ya bibi. Akamtazama Yadira, muda mrefu. Mwenzake akasema kitu kwa redio, kuhusu barabara kukatika kwa maji upande mwingine. Wakaingia garini wakaondoka.

Sijui kwa nini. Usiniambie walikuwa na huruma, na usiniambie tulibahatika. Hakuna anayejua, na hicho ndicho kinachotutisha. Siku nyingine watu hao hao, mahali hapo hapo, wanaweza kushuka.

Jumapili ya mwezi uliofuata Ofelia alingoja nje ya kanisa na mabakuli yake. Zikaja pikapu chache mno. Doña Tencha hakuja, amesema milima ameiona inatosha, ingawa alituma tamales, na zilikuwa za kukanda nyumbani, tumeambiwa tuseme hivyo. Yadira alikuja. Bado hamsemeshi Ofelia vizuri, lakini alikuja, alikaa kwenye pikapu yangu, akasema anataka kuona kama lile korongo bado lipo.

Kabla ya kuondoka Ofelia huwaambia watu kitu kipya siku hizi. Hasemi tena hakuna sare. Anasema: huenda tukakutana nazo. Ukipotea, hawa wenzangu wenye karatasi ndio watakaokutafuta kwanza, na hawa ndio watakaosimama na wenye sare. Halafu anawaonyesha hao wenzake kwa mkono, watu wawaone nyuso.

Tatizo ni kwamba anaponyoosha mkono, anatuonyesha mimi na Lalo. Na Lalo ana mgongo mbovu.

Kwa hiyo wewe wa fimbo mbili, uliyeniuliza mbona hutuoni. Una karatasi, una miguu, na kwenye ile milima hakuna anayekuuliza kitu. Jumapili ya kwanza ya mwezi, misa inaisha, tunatokea mlango wa pembeni wa parokia. Usilete hotuba. Njoo usimame pale Ofelia anaponyoosha mkono, watu wakuone uso, halafu panda na sisi, na siku mtu asipoitika, ubaki. Njoo Jumapili hii.